Njoni Mpumzike Kando ya Ziwa. Na Aliyebaki Jikoni Je?



Vijana wenzangu wapendwa, likizo ikikaribia, makundi yetu ya WhatsApp ya VIWAWA na TYCS huanza swali lile lile: "Jamani, mwaka huu tunaenda kambi wapi?" Mmoja anataka Bagamoyo, mwingine anataka mlimani, na siku hizi kwa sisi wa Kanda ya Ziwa jina la Lamadi linatajwa sana. Halafu anatokea mzazi au mzee wa jumuiya anauliza: "Hivi nyie watoto, mnachangishana hela mwende kulala kwenye hema ziwani? Kwani ziwa hamlijui? Si bora hiyo hela mkanunue mabati ya kigango?"

Swali la mzee huyo si la kudharau. Leo naomba tulitafakari kwa mwanga wa Neno la Mungu, kwa sababu ndani yake kuna maswali mawili. La kwanza, je, Mkristo ana ruhusa ya kupumzika na kufurahi wakati kazi bado zipo? La pili, ambalo sisi vijana hatulipendi sana, ni hili: mimi nikipumzika, ni nani anayebeba mzigo wa pumziko langu?

Lamadi, mahali pa kupita na mahali pa kukaa

Kwa wasiopafahamu, Lamadi ni mji mdogo uliochangamka katika Wilaya ya Busega, Mkoa wa Simiyu, kwenye barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma. Hapo ndipo inapochepuka barabara ya kwenda Bariadi. Upande mmoja kuna Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria. Ukiendelea kidogo kuelekea Bunda unakutana na lango la Ndabaka, mojawapo ya milango ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Kwa hiyo hapo vitu viwili vikubwa vinakaribiana: hifadhi yenye kilometa za mraba 14,763, na ziwa lenye takriban kilometa za mraba 68,800. Ziwa Galilaya, alikotembea Bwana wetu, lina kilometa za mraba 166 hivi. Ziwa letu ni kama Galilaya 400 zimeunganishwa! Ukisimama ufukweni jioni, jua likizama majini na viboko wakikoroma kwa mbali, huhitaji mtu akuhubirie kwamba Mungu yupo.

Ndiyo maana kando ya ziwa hilo kuna nyumba za wageni na maeneo ya kambi. Watu wanasimika mahema, wanawasha moto, wanaangalia ndege, wanapanda mtumbwi, kesho yake wanaingia Serengeti. Wengi ni wageni kutoka mbali. Kijana wa Busega mwenyewe mara nyingi anaijua kambi kwa mlango wa nyuma: analeta samaki, anafua mashuka, analinda geti. Ziwa lile lile, kwa mmoja ni mapumziko na kwa mwingine ni jembe.

Yesu aliwaambia wapumzike

Fungua Injili ya Marko 6:30-34. Mitume wamerudi kutoka utume wao wa kwanza wakiwa na taarifa nyingi: tumefundisha hiki, tumefanya kile. Watu wanaingia na kutoka mpaka hawana hata nafasi ya kula. Yesu hawaambii, "Hongereni, sasa ongezeni bidii." Anawaalika waende faraghani, mahali pasipo watu, wapumzike kidogo. Na wanaendaje? Kwa mashua, wakikata maji ya ziwa.

Kwa hiyo mzee wetu tumjibu kwa heshima: Babu, Bwana mwenyewe aliwapeleka wanafunzi wake kando ya ziwa wapumzike. Pumziko halikubuniwa na watalii. Limo katika Amri Kumi, kwenye orodha moja na usiue na usiibe.

Mtakatifu Thomas wa Akwino, yule mwanateolojia mkubwa wa karne ya 13, aliwahi kujiuliza kama michezo na furaha vinaweza kuwa fadhila. Anakumbusha kisa cha kale kuhusu Mtakatifu Yohane Mwinjili. Watu walimkuta Yohane akicheza na wanafunzi wake wakakwazika: mtume mzima anacheza! Yohane akamwambia mmoja wao aliyekuwa na upinde apige mshale. Akapiga. Piga tena. Akapiga. Yohane akamuuliza kama anaweza kuendelea hivyo bila kukoma. Yule mtu akajibu kwamba hapana, upinde ukivutwa muda wote utavunjika. Yohane akasema na roho ya mwanadamu iko hivyo hivyo. Thomas anakubali, na anaenda mbele zaidi: mtu asiyejua kufurahi kabisa, anayewakatisha wenzake furaha halali, naye ana kasoro ya kimaadili. Mjue hilo, nyie wenye sura za Ijumaa Kuu mwaka mzima!

Hata wavuvi wanalijua hili bila kusoma vitabu. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Ukikaa ufukweni usiku huo unaona taa nyingi juu ya maji mpaka unadhani kuna mji kule katikati. Lakini mwezi ukiwa mkubwa, mwanga wake unatapakaa kila mahali na dagaa hawakusanyiki tena kwenye taa. Kazi inasimama. Nyavu zinashonwa, mitumbwi inazibwa, watu wanalala usiku kama watu wengine. Ziwa lina mapumziko yake, na mvuvi hashindani nalo. Sisi wa mjini tumejiwekea taa na simu, hatuna mwezi mkubwa wa kutusimamisha. Saa saba usiku bado unasogeza video kwa kidole, halafu unasema umechoka na hujui kwa nini.

Tena tunaye shahidi wa karibu. Padre Karol Wojtyła, ambaye baadaye akawa Papa Yohane Paulo II, alikuwa na kawaida ya kwenda na vijana kwenye mito na maziwa ya Poland kupiga kasia. Serikali ya kikomunisti haikutaka mapadre waongoze makundi ya vijana, basi akavaa nguo za kawaida, na vijana wakamwita "Mjomba". Asubuhi waliadhimisha Misa, mtumbwi uliopinduliwa ukiwa altare. Mwaka 1958, akiwa na miaka 38, aliitwa kutoka kwenye safari kama hiyo aende Warsaw kuambiwa kwamba ameteuliwa kuwa askofu. Alikubali, kisha akarudi kwa vijana wake majini. Ni Papa huyo huyo aliyekanyaga Mwanza Septemba 1990, na mwaka 1998 akaliandikia Kanisa zima barua juu ya Jumapili, Dies Domini. Hakuona kwamba kasia na altare vinagombana.

Basi swali la kwanza limejibiwa. Nendeni kambi. Sasa tuje kwenye la pili.

Jumapili asubuhi, jikoni

Niliwahi kusindikiza kundi moja la vijana katika kambi ya kando ya ziwa, maeneo hayo ya Lamadi. Ijumaa usiku tulisali Rozari kuzunguka moto. Jumamosi tulitembea, tukacheza mpira, tukaimba mpaka koo zikakauka. Jumamosi jioni tukapanga: kesho saa moja tunaondoka kwenda Misa mjini, tukirudi saa nne tukute chai, na chakula cha mchana saa saba.

Mama mmoja aliyekuwa anatupikia alikuwa anaosha sufuria pembeni. Alisikia mpango wetu, akaniambia kwa sauti ya kawaida tu, "Frateri, mkifika huko mniombee na mimi."

Nikamuuliza, "Mama, kwani wewe unasali wapi?"

"Kigangoni hapo hapo. Ila Jumapili ndo siku ya wageni, mwanangu. Tangu Pasaka sijaingia."

Hakuwa analalamika. Aliendelea kusugua sufuria. Lakini mwenyekiti wa kundi, binti wa kidato cha sita, alikuwa amesimama karibu akayasikia. Akawaita wenzake pale pale. "Jamani, sisi tunaenda Misa, halafu chai yetu ndo inamzuia mama kwenda Misa. Hii imekaaje?"

Kijana mmoja akajibu, "Lakini tumelipia, bwana. Na yeye analipwa. Tukimwambia asije si tunamkosesha hela?"

Swali zuri. Binti hakulikwepa. Alienda kwa msimamizi wa kambi, wakakubaliana mambo mawili: mama apewe asubuhi ya Jumapili, na hela yake ya siku hiyo isipunguzwe hata shilingi. Usiku huo vijana wakamenya viazi vitamu wakavichemsha, uji ukawekwa kwenye chupa za chai, maandazi yakafuatwa mjini. Asubuhi mama alitoka amevaa kitenge chake cha WAWATA, tukapanda naye gari moja. Mchana wavulana ndio waliosonga ugali. Niseme ukweli, ulikuwa na madonge. Tulikula saa tisa badala ya saa saba, na mama alicheka mpaka akafuta machozi. Hakuna aliyekufa kwa njaa.

Wanafalsafa na Musa

Kisa hicho kidogo kinagusa jambo kubwa sana. Aristotle, karne nne kabla ya Kristo, alifundisha kwamba tunafanya kazi ili tufikie utulivu, na kwamba katika utulivu huo mwanadamu anaweza kutafakari mambo ya juu kabisa. Ni fundisho zuri, na mtu yeyote aliyesoma falsafa anashangaa uzuri wake. Lakini uliza: nani alikuwa anachota maji nyumbani kwa wale wanaotafakari? Watumwa. Na Aristotle huyo huyo alimwita mtumwa chombo chenye uhai. Pumziko lake lilikuwa la wachache, na lilisimama juu ya migongo ya wengine.

Sasa soma Kumbukumbu la Torati 5:12-15. Mungu anaamuru siku ya saba iwe ya kupumzika, halafu anataja majina ya kazi: wewe, mwanao, binti yako, mtumwa wako, mjakazi wako, ng'ombe wako, punda wako, na mgeni aliye ndani ya malango yako. Anasema wazi sababu: ili mtumwa wako na mjakazi wako wapumzike kama wewe. Halafu anawakumbusha Waisraeli kwamba wao wenyewe walikuwa watumwa Misri. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 20, sababu ya Sabato ni uumbaji: Mungu alipumzika siku ya saba. Hapa sababu ni ukombozi. Aliyekombolewa hawezi kupumzika kwa namna ya Farao.

Hapo ndipo Musa anampita Aristotle. Kwa Aristotle, pumziko ni heshima ya bwana. Kwa Mungu wa Israeli, pumziko la bwana halijakamilika mpaka mjakazi naye ameketi.

Kanisa halijaacha fundisho hili. Mwaka 1891 Papa Leo XIII, katika Rerum Novarum, alitetea haki ya wafanyakazi kupumzika na kumwabudu Mungu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2187, inatutaka Wakristo tuepuke kuwadai wengine, bila sababu ya lazima, mambo yatakayowazuia kuishika Siku ya Bwana. Hata sheria ya nchi yetu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inampa mfanyakazi angalau saa 24 za mapumziko kila wiki. Ukiona serikali imeandika hilo na wewe kijana wa Rozari hujawahi kulifikiria, jiulize.

Najua kuna kazi ambazo haziwezi kusimama: muuguzi, dereva wa gari la wagonjwa, mlinzi. Katekisimu inalijua hilo pia. Hao wapewe saa nyingine ya kupumzika na kusali, na Misa ya Jumamosi jioni ipo kwa ajili ya wenye hali kama zao. Lakini chai yangu ya saa nne si gari la wagonjwa. Naweza kunywa uji wa chupa.

Moto wa makaa ufukweni

Injili ya Yohane inamaliza na ufuko wa ziwa. Sura ya 21. Petro na wenzake wamevua usiku kucha hawajapata kitu. Alfajiri wanaona mtu ufukweni, hawamtambui. Wanaposhuka nchi kavu wanakuta moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Yule mtu anawaita waje wafungue kinywa.

Ni nani aliyekoka moto ule? Ni Bwana Mfufuka. Ameshinda mauti, amepewa mamlaka yote mbinguni na duniani, na asubuhi hiyo tunamkuta jikoni, anawapikia watu waliochoka.

Ndugu yangu, ukienda kambi Lamadi utaona mambo mengi ya kupiga picha: machweo, ndege, mahema yaliyopangwa vizuri. Yapige. Lakini kabla hujapakia picha yoyote, geuka uangalie nani yuko kwenye moto. Mama yule anayepuliza kuni, macho mekundu kwa moshi, amesimama mahali aliposimama Yesu. Ukimpita bila salamu, umempita nani?

Na angalia Marko 6 inavyoishia. Wanafunzi wanafika mahali pa kupumzika, kumbe umati umewatangulia kwa miguu. Yesu hakasiriki. Anawahurumia, anawafundisha, kisha wanalishwa. Baadaye ndipo anapanda mlimani peke yake kusali. Pumziko la Yesu lina mlango, na mlango huo haufungwi kwa kitasa mbele ya mwenye njaa.

Mkijipanga kwenda

Basi nawaachia mambo machache ya kufanyia kazi katika kundi lenu.

Kwanza, Misa iwe ndani ya ratiba tangu siku ya kwanza ya mipango, isije ikachomekwa dakika ya mwisho. Ulizeni mapema Misa au ibada ya kigango ni saa ngapi. Mkifika, jitambulisheni kwa katekista na viongozi wa jumuiya. Msiwe wageni wanaojua jina la kambi na hawajui jina la kigango.

Pili, mpishi, mlinzi na dereva wahesabiwe kwenye bajeti na kwenye ratiba. Siku yao ya Bwana iko wapi? Watasali saa ngapi? Watakula pamoja nanyi au watakula mabaki? Na mkiwapa nafasi ya kupumzika, msiwakate hela. Huruma inayomkosesha mtu mboga ya wanae si huruma.

Tatu, walau mlo mmoja mpike nyie wenyewe, wavulana mkiwemo. Na vyombo mvioshe.

Nne, liheshimuni ziwa. Ulizeni wenyeji kabla ya kuingia majini, maana kuna mamba na viboko, na kwenye maji ya kando yenye majani kuna kichocho. Mkipanda mtumbwi, kila mtu avae jaketi okozi, hata anayejiita samaki. Usiku msizurure ufukweni, ndio muda wa kiboko kutoka kula majani. Taka zenu zirudi nanyi. Chupa ya plastiki unayoitupa leo, mvuvi wa Lamadi ataitoa kwenye wavu wake kesho.

Tano, tengeni saa moja bila simu na bila muziki, kila mtu akae peke yake akiangalia maji. Saa hiyo ya kimya ndiyo itakayokuonyesha kilichokuchosha kweli.

Na kwa mzee wetu wa mabati: Babu, mabati tutachanga, usiwe na wasiwasi. Lakini kijana aliyejifunza kambini kwamba mpishi naye ana Jumapili atajenga kigango ambacho hata mpishi atapata nafasi ya kuketi ndani yake.

Tusali

Ee Bwana Yesu, uliyewaita mitume wako wapumzike, na uliyewapikia samaki kando ya ziwa, utufundishe kupumzika kama watoto wako. Utuponye na uvivu unaokwepa kazi, na pia kiburi kinachodhani dunia itasimama tukilala. Uwakumbuke wanaotupikia, wanaotulinda, wanaotuendesha barabarani na wanaovua usiku ili sisi tule mchana. Utufungue macho tuwaone. Na siku ile ya pumziko la milele, utupokee ufukweni mwako sote pamoja, asibaki hata mmoja jikoni. Amina.

Maria, Nyota ya Bahari, utuombee.